Thonny: Programu ya Kuandikia Python Inayomfaa Anayeanza

Wanaoanza kujifunza uprogramu huuliza kwanza waanze na lugha gani, na jibu la Python limezoeleka kiasi kwamba wengi hulipokea bila ubishi. Swali linalofuata, la programu gani isakinishwe kwenye kompyuta ili Python hiyo iandikwe na kuendeshwa, hupewa uzito mdogo, ilhali ndilo linalowakatisha tamaa watu wengi kabla hawajaandika hata mistari kumi. Kwa maoni yangu, jibu bora kwa miezi ya mwanzo ni Thonny, na katika uhakiki huu naeleza kwa nini, pamoja na mahali inapopungukiwa.

Thonny ilianzishwa na Aivar Annamaa katika Chuo Kikuu cha Tartu, nchini Estonia, kwa ajili ya watu wanaojifunza uprogramu tangu mwanzo kabisa. Hutolewa bure chini ya leseni ya MIT, hufanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, na huja ikiwa tayari ndani ya Raspberry Pi OS, mfumo endeshi wa kompyuta ndogo za Raspberry Pi. Ukiifungua unakuta sehemu ya kuandikia juu na sehemu ya kuona matokeo chini, basi. Wala hakuna utitiri wa vitufe ambavyo mgeni hajui vilikotoka.

Faida yake ya kwanza ni kwamba huja na Python yake ndani. Ili kuona uzito wa jambo hili, tazama njia ambayo anayeanza huelekezwa mara nyingi, ile ya Visual Studio Code, kihariri kizuri sana ambacho Microsoft ilikitoa mwaka 2015. Kihariri hicho hakibebi Python, kwa hiyo mtu hulazimika kusakinisha Python peke yake, kisha kihariri, kisha kiendelezi cha Python, yaani nyongeza inayokiwezesha kihariri kufanya kazi na lugha hiyo, halafu achague ni Python ipi itumike. Kwenye Windows, kisakinishi cha Python kilichozoeleka kina kisanduku kidogo cha kuiingiza kwenye PATH, yaani orodha ya folda ambamo mfumo hutafuta programu zinapoitwa kwa jina, na kisanduku hicho huwa hakijatiwa alama. Anayekiruka huandika amri ya python na kuambiwa kwamba amri hiyo haijulikani, au hujikuta akifunguliwa duka la programu la Microsoft. Wengine hupita hapo salama, kisha hukwama kwenye vifurushi, yaani msimbo ulioandikwa na wengine unaoongezwa kwenye Python: kompyuta ina Python mbili, kifurushi kimeingia kwenye moja, programu inaendeshwa na nyingine, na ujumbe wa ModuleNotFoundError unatokea ingawa usakinishaji ulikamilika bila kosa. Mwenye uzoefu hulitambua tatizo hili papo hapo. Anayeanza hudhani kwamba yeye ndiye hafai kwa kazi hii, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu kilichomshinda si uprogramu.

Kwa Thonny unapakua faili moja, unasakinisha, unaandika mstari wa kwanza na kubonyeza F5 ili kuuendesha. Vifurushi huongezwa kupitia dirisha maalumu lililo kwenye menyu ya Tools, na huenda moja kwa moja kwenye Python ileile inayoendesha programu yako.

Hata hivyo, urahisi wa kusakinisha peke yake usingenitosha kuisifu hivi. Ubora wake mkubwa umo katika namna inavyomwonyesha mwanafunzi kile ambacho kompyuta inafanya. Chukua kosa ambalo karibu kila anayeanza hukutana nalo: anaandika programu ya kupokea namba mbili na kuzijumlisha, anaingiza 7 na 3, na anapata 73. Sababu ni kwamba input() hurudisha maandishi, na alama ya kujumlisha huyaunganisha maandishi hayo badala ya kuyahesabu. Katika vihariri vingi mwanafunzi hubaki akiukodolea macho msimbo unaoonekana hauna kasoro. Katika Thonny, ukifungua jedwali la vigeu, yaani majina ambayo programu huyatumia kuhifadhi thamani, kwenye menyu ya View, unaona kwamba thamani iliyohifadhiwa ni '7' yenye alama za kunukuu, si 7 tupu, na jibu linakuwa mbele ya macho yako bila mtu kukufafanulia.

Kitatuzi chake, yaani zana ya kuendesha programu polepole ili kuona inachofanya, kinakwenda mbali zaidi. Ukibonyeza Ctrl na F5, kisha F7 hatua kwa hatua, programu haisogei kwa mistari mizima tu, bali usemi wenyewe, yaani hesabu iliyoandikwa ndani ya mstari, hufumuliwa sehemu kwa sehemu: jina la kigeu linageuka kuwa thamani yake, kuzidisha kunafanyika, kisha kujumlisha, hadi linabaki jibu moja litakalohifadhiwa. Anayejifunza anauona utaratibu ambao vitabu hutumia kurasa kadhaa kuueleza. Funksheni, yaani kipande cha programu kilichopewa jina lake, nayo ikiitwa, hufunguliwa dirisha lake lenye vigeu vyake vya ndani. Kwa hiyo funksheni inayojiita yenyewe, somo linalowatesa wanafunzi wengi, inaonekana kama madirisha yanayofunguka moja juu ya jingine, kisha kufungwa moja baada ya jingine huku kila moja likirudisha thamani kwa lililoliita. Sijaona programu nyingine ya bure ya kusakinisha inayolionyesha jambo hili kwa uwazi kama huo.

Ipo pia sehemu iitwayo Assistant, inayoeleza makosa na kutoa maonyo. Maelezo ya makosa yanasaidia. Maonyo yana kasoro, kwani wakati mwingine humtia wasiwasi mwanafunzi kuhusu jambo lisilodhuru, wakati programu yake inafanya kazi sawasawa.

Upungufu mwingine ni wa kweli na haufai kufichwa. Kitatuzi hicho kinachofumua kila usemi ni cha polepole, na kitanzi chenye marudio maelfu kitakuchosha, kwa hiyo kitumie kwa mifano midogo. Python inayokuja ndani si lazima iwe ya karibuni: toleo la 4.1 la Thonny huja na Python 3.10, iliyotoka mwaka 2021. Kwa mazoezi ya mwanzo hilo halina madhara, na unaweza kuielekeza Thonny itumie Python nyingine iliyo kwenye kompyuta yako. Wenye kompyuta za zamani wanatengenezewa kisakinishi tofauti chenye Python 3.8 ya biti 32, kinachokubali hata Windows 7, na hilo ni jambo la kuheshimiwa katika zama ambazo programu nyingi zinazikimbia mashine za aina hiyo.

Anayetaka kutengeneza kurasa za wavuti kwa HTML na JavaScript asiichague, kwa kuwa Thonny imejengwa kwa ajili ya Python. Vilevile, kazi inapofikia faili nyingi zinazotegemeana, inapohitaji kuhifadhi historia ya mabadiliko kwa programu ya Git, au inapofanywa na watu kadhaa pamoja, Thonny inaanza kubana, na hapo Visual Studio Code inastahili sifa zake zote. Ninachopinga ni kumpa mtu chombo hicho siku ya kwanza, wakati bado hajui tofauti kati ya maandishi na namba.

Kwa anayenitaka ushauri wa moja kwa moja: sakinisha Thonny, washa jedwali la vigeu kabla ya kuandika chochote, na kila programu fupi unayoiandika iendeshe angalau mara moja kwa kitatuzi, hata ikiwa imetoa jibu sahihi. Ukikwama na kutaka msaada, nakili ujumbe wa kosa wote kutoka sehemu ya chini, pamoja na msimbo ulioutoa, kwa sababu mstari wa mwisho wa ujumbe huo hutaja aina ya kosa na mistari iliyo juu yake huonyesha lilipotokea. Siku ya kuhama haitakugharimu kitu: Thonny huhifadhi kazi yako katika faili za kawaida zenye mwisho wa .py, na kihariri chochote kingine kitazifungua jinsi zilivyo.