Uzoefu wangu na frizi draya kwa udongo wa pamafrosti

Nshaitumia hii frizi draya, mashine inayokausha vitu vikiwa bado vimeganda, karibu miaka mitatu sasa, karibu kila wiki, na naandika kwa sababu kila anayeanza kazi ya mata ogania (mabaki ya mimea na viumbe) kwenye udongo wa maeneo ya baridi anauliza kwanza anunue analaiza gani ya kaboni, wakati kabla ya hapo inabidi ajue sampuli zake atazikaushaje. Mi nlianza na oveni ya nyuzi 105 kama tulivyozoea kwenye udongo mwingine, na kuna sampuli nlizipoteza hivyo ambazo hazirudi tena.

Udongo wenyewe ndo unaleta shida. Pamafrosti ni ardhi iliyokaa nyuzi 0 au chini yake kwa miaka miwili mfululizo au zaidi, na juu yake kuna tabaka linaloyeyuka kila kiangazi halafu linaganda tena. Siberia, Alaska, kaskazini mwa Kanada, mimea imezikwa humo ikashindwa kuoza, na kwa makadirio kaboni iliyolala kwenye maeneo ya pamafrosti ni kama tani bilioni 1,500, karibu mara mbili ya ile iliyoko hewani. Ukikata kipande unaona mizizi myembamba kabisa, ungedhani imekufa mwaka jana kumbe ina maelfu ya miaka. Na katikati kuna barafu, tabaka kwa tabaka, saa nyingine barafu ni nyingi kuliko udongo.

Sasa weka hicho kitu kwenye oveni. Barafu inayeyuka, kipande kinakuwa uji, maji yanashuka chini na kaboni iliyoyeyuka ndani yake, tabaka ulizozikata kwa uangalifu zinaingiliana, vijidudu vinaamka vinaanza kula kabla joto halijaviua, afu ikishakauka unatoa bonge gumu ambalo unalitwanga kwenye kinu na mizizi yote inasagika humo humo. Ukija kupima kaboni inayotoka na maji unapata namba kubwa kuliko ilivyokuwa ardhini, maana joto lenyewe limefungua vitu.

Kwenye frizi draya kipande kinaingia kikiwa kimeganda na kinakaa kimeganda mpaka barafu yote iishe. Ukishusha presha chini ya milibari 6 hivi maji hayawezi kuwa kimiminika tena, barafu inageuka mvuke moja kwa moja, na mvuke unaenda kunasa kwenye kondensa ambayo kwangu inashuka mpaka nyuzi 80 chini ya sifuri. Kinachobaki ni udongo mwepesi kama sifongo, pale palipokuwa na barafu pamebaki uwazi, ukiubonyeza kwa kidole unaachia na mzizi unatoka mzima. Siku ya kwanza kuona hivyo nlikaa naangalia tu. Na hapo ndo kutenganisha kwa uzito kunafanya kazi vizuri, yaani unamwaga udongo kwenye kimiminika kizito cha sodiamu politangsteti cha gramu 1.6 kwa sentimita ya ujazo, mabaki ya mimea yanaelea juu, mata ogania iliyoshikana na madini inazama, na hiyo iliyozama ndo mara nyingi inakaa muda mrefu zaidi bila kuliwa.

Ila kuna mambo lazima uyajue. Kwanza ni pole pole. Kipande cha unene wa sentimita tano kilinichukua siku tano, saivi nakata nyembamba kwa msumeno ndani ya chumba cha baridi. Pima uzito na ujazo kikiwa bado kimeganda, ukisahau huwezi kurudi nyuma kujua barafu ilikuwa kiasi gani. Funika chombo na kitu chenye vitundu vidogo, la sivyo vumbi laini linavutwa mpaka kwenye pampu.

Na ukitoa sampuli usifikiri imekauka kabisa, inavuta unyevu wa hewani haraka sana. Mi kabla ya kuchoma kwenye tanuru, ambapo uzito unaopotea ndo mata ogania, bado natoa sehemu ndogo naipeleka nyuzi 105, ndo naichoma 550 kwa saa nne, vinginevyo ule unyevu unahesabika kama mata ogania. Na tafadhali usichukue tu ile 1.724, kizidishi cha kubadilisha kaboni kuwa mata ogania, ukaitumia kila mahali, mboji ya kinamasi na udongo wa mfinyanzi haviwezi kuwa na kizidishi kimoja, pitisha baadhi ya sampuli kwenye analaiza ya kuchoma utengeneze mstari wako mwenyewe wa kubadilishia. Kama kuna kaboneti (kaboni ya madini, kama ya chokaa) zifukize kwanza na asidi ya hidrokloriki, kwenye vikombe vya fedha, vya bati vinaliwa. Ile njia ya zamani ya kupima kaboni kwa daikromati, kemikali yenye kromia, nimeiacha, inakamata kama robo tatu tu ya kaboni halafu kromia yake inasababisha kansa.

Kuna kazi mashine hii haifai kabisa. Kama unataka kufungia udongo kwenye chupa upime kaboni dayoksaidi na metani inayotoka, usiukaushe kwa njia yoyote, uyeyushe taratibu kwenye nyuzi 4 au 5 ukiwa na vijidudu vyake. Asidi nyepesi kama ya siki zinaweza kuondoka na mvuke. Wanaofuatilia chuma kwenye tabaka zisizo na oksijeni nao watenge sehemu yao mapema.

Lililoniuma ni pampu. Maji yaliingia kwenye mafuta yakageuka meupe kama maziwa, vakyumu ikapungua nguvu usiku, asubuhi nikakuta sampuli kumi na mbili zimeyeyuka, tabaka za mita nzima. Mashine haikutoa onyo lolote, na mpira wa mlango nlioagiza baadaye ulichukua miezi miwili kufika. Kwa hilo naipa nyota nne kati ya tano, na bado nikiambiwa nichague kifaa kimoja cha kuanzia maabara nachukua hiki, analaiza unaweza kutuma sampuli zipimwe kwingine. Siku unayonunua agiza na mafuta ya pampu ya akiba, na kila asubuhi kabla hujafungua mlango angalia rangi yake kwenye kioo.