Kwa mzee wa ngao, Ngamiani: nyota nne, ya tano nimeibana

Mzee huyu hutengeneza ngao za mbao za zawadi, huku Ngamiani, Tanga mjini. Kwanza niseme nilikotoka. Mwaka juzi, shuleni kwetu (sekondari ya kutwa, hapa hapa Tanga mjini), niliangukiwa na kamati ya zawadi za mahafali ya kidato cha nne. Nikaagiza vikombe Dar kwa simu. Vikaja na basi, kilometa mia tatu na ushee, ndani ya boksi zuri la buluu, hata mkwaruzo hakuna. Kufungua, nakutana na "MSEMAJI BOLA". Na mahafali kesho yake asubuhi.

Tukamkabidhi kijana hivyo hivyo. Mgeni rasmi, Mungu amrehemu kwa uaminifu wake, akakisoma kama kilivyoandikwa. Mpaka anamaliza mtihani wa taifa Novemba, shule nzima inamwita Bola. Mwenyewe alicheka. Mama yake hakucheka. Na kufika Pasaka dhahabu yote ilishaanza kubanduka, maana upepo wetu huu wa chumvi haupatani na plastiki ya kupaka rangi.

Mwaka jana nikaapa siagizi tena kitu nisichokishika. Fundi wangu wa cherehani akanielekeza: nenda Barabara ya 12, uliza mzee wa ngao.

Bango hana. Banda limebanwa kati ya kinyozi na mama wa bajia, na utalijua kwa vumbi jekundu la mninga lililotapakaa mpaka barabarani. Ngao anakata mwenyewe, anapiga msasa, anapaka vanishi mikono mitatu. Juu yake anaweka kibati cha shaba, anachora maneno kwa mashine ya mkono, ile ya kufuatisha herufi kwa sindano, kisha anakikaza kwa skrubu nne ndogo. Nasisitiza skrubu. Vile vya Dar vilibandikwa kwa gundi ya pande mbili, na kimoja kilidondoka kibati wakati tunapiga picha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Lete maneno."

Nikampa karatasi yangu: MWANAFUNZI BORA, HUDUMA KWA JAMII. Akasoma, akapandisha miwani kwenye paji la uso. "Huyu kafanya nini?"

Nikamweleza. Tuna utaratibu wetu: anayetaka kushindanishwa kwenye huduma anakuwa na daftari, na kila kazi anayoifanya mtaani mwenyekiti wa serikali ya mtaa anatia saini na tarehe. Huyu kijana daftari lake lilikuwa na Jumamosi 22, zote za mtaro mmoja uliokuwa ukifurika masika na kuingia majumbani mwa watu.

"Sasa mbona hujaandika?" akaniuliza mzee. "Bora, bora... Bora nini? Hata sabuni imeandikwa bora."

Basi tukaandika: ALIZIBUA MTARO WA BARABARA YA 14 JUMAMOSI 22. Herufi thelathini za kwanza ni bure, zinazozidi ni shilingi 100 kila moja, na jina la mwanafunzi halihesabiwi. Akazihesabu kwa ncha ya penseli, nami nikizihesabu kimoyomoyo: 37. Shilingi 700 za nyongeza. Sijawahi kutoa mia saba kwa raha kama ile.

Karatasi ya pili ilikuwa ya mdahalo. Huko tunajua tunachopima: wiki hii Kiingereza, wiki ijayo Kiswahili, na alama nyingi tunazitoa kwa namna mtu anavyomjibu mpinzani, siyo kwa hotuba aliyokaririshwa na kaka yake. Nilikuwa nimeandika MSEMAJI BORA. Nadhani nilikuwa bado nataka kulipa deni la Bola. Mzee akakunja uso.

"Msemaji huku kwetu ni yule anayekaa kibarazani kusema watu. Mtu akisimama akazungumza baraza likatulia, sisi tulimwita mlumbi."

Mimi nafundisha Kiswahili mwaka wa kumi na moja huu. Neno mlumbi nalijua, limo kwenye kamusi, na sijawahi kulitia kinywani mbele ya darasa. Nikaona haya kidogo, nikamwambia achore MLUMBI WA MWAKA. Binti aliyeipata akaja kuniuliza maana yake kabla hajanishukuru. Siku hizi kidato cha kwanza ndio wanaulizana nani atakuwa mlumbi, na wengine wanadhani ni cheo kama kiranja.

Siku ya mahafali mshereheshaji akasoma kibati cha mtaro. Nyuma kabisa, chini ya mwembe, walikuwepo akina mama wa Barabara ya 14 waliokuja kwa ajili ya watoto wao wengine kabisa. Vigelegele vilianzia kwao. Mmoja akasimama: "Ndiye huyo! Ndiye yeye!" Kijana wa watu akabaki anatazama viatu vyake. Kabati la mkuu wetu limejaa vikombe vya UMISSETA (michezo ya shule za sekondari), mpira wa miguu na netiboli, lakini sijaona kikombe kilichosomwa watu wakajua kinasema mtaro upi.

Sasa nyota niliyoibana. Mzee akikwambia Alhamisi, elewa Jumamosi. Ngao zangu zilitoka vanishi haijakauka vizuri, akazifunga kwa magazeti kwa sababu boksi hana, na kufika shuleni nyuma ya ngao ya tatu kulikuwa na tangazo la mnada limejichapa kinyumenyume. Nilisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa likafifia, halikutoka. La pili ni risiti. Anatoa ya kuandika kwa mkono, ya mashine hana, na mhasibu wetu akagoma kunirudishia fedha yangu mpaka mkuu alipoingilia kati. Kama shule yako ni kali kwa risiti za EFD, malizana na mhasibu wako kwanza ndipo uende Ngamiani.

Bei zake mwaka jana: ngao ndogo 28,000, kubwa 45,000. Hapunguzi, ila ukimletea tatu anakupa ya nne, ndogo, tupu, ukaandike mwenyewe utakachoandika. Nenda asubuhi, akitoka adhuhuri kuswali harudi mapema. Na maneno yaandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi, kisha uyasome naye moja moja, naye hukasirika usipofanya hivyo.

Za mwaka huu nimeshatanguliza nusu. Kibati cha mlumbi bado hakina jina. Mdahalo wa mwisho ni Ijumaa, na mzee kanituma nimwambie saa ngapi, anataka kuja kusikiliza.