Miaka tisa niliilaumu chaki: uzoefu wangu kwa daktari wa mzio

Nafundisha shule ya msingi hapa Dar es Salaam, na kwa miaka tisa niliamini kinachoniumwisha ni chaki. Kila asubuhi chafya kumi, kumi na tano mfululizo, pua inachuruzika, macho yanawasha mpaka nayafikicha kwa mgongo wa mkono. Piriton, kidonge cha mzio, haikukosekana kwenye mkoba. Ilituliza, lakini ikifika kipindi cha nne nasinzia mbele ya watoto. Usiku pua ikiziba nilitumia matone ya kuzibua, na niliyatumia kwa miezi.

Mwaka jana nilipima damu kwenye maabara moja, nikapewa karatasi yenye orodha ndefu ya vyakula. Mayai, maziwa na ngano vilikuwa na alama ya kujumlisha. Nikaacha vyote. Nilikonda, chafya zikabaki palepale. Ndipo mwalimu mwenzangu akanielekeza kwa daktari bingwa wa mzio.

Siku ya kwanza sikupimwa. Wakati wa kuweka miadi hakuna aliyeniambia kwamba dawa za mzio huachwa siku kadhaa kabla ya kipimo cha ngozi, kwa kuwa huzuia ngozi kuvimba. Nilikuwa nimemeza kidonge usiku. Nilikasirika, maana nilikuwa nimeomba ruhusa kazini na kukaa benchi saa tatu. Kliniki inapaswa kulisema hili mapema.

Hata hivyo siku hiyohiyo ndiyo iliyonifumbua macho, kwa maswali tu.

“Mwalimu, wakati wa likizo chafya zinakuwaje?”

Nikafikiri. Zinazidi.

“Na ukisafiri?”

Kwa mama yangu ni Singida. Kule kiangazi upepo unaleta vumbi mpaka kwenye sahani ya ugali, lakini nikikaa siku nne, tano, pua inafunguka yenyewe. Daktari akaweka kalamu chini. “Sasa hapo chaki iko wapi?” Sikuwa na jibu.

Karatasi ya maabara aliisoma yote, kisha akaniuliza kabla ya kuacha mayai yalikuwa yananifanya nini. Hayakunifanya kitu. Akanieleza kwamba alama ile inaonyesha mwili unakitambua chakula. Kama unakila na hakikudhuru, huo si mzio. Kesho yake nilikula chapati kwa mayai mawili, na chai ya maziwa juu yake.

Wiki iliyofuata nikapimwa. Muuguzi aliandika namba kwa kalamu kwenye mkono, chini ya kiwiko, akadondosha tone kwenye kila namba, kisha akachoma kidogo juu ya kila tone. Damu haitoki. Tone moja ni maji ya chumvi, ambayo hayatakiwi kuvimbisha. Lingine ni histamini, kemikali ya mwili inayoleta mwasho na uvimbe, ambayo lazima ivimbishe, la sivyo kipimo hakiaminiki. Yaliyobaki ni ya vitu vinavyoshukiwa kuleta mzio. Unakaa dakika 15 hujikuni, na hapo ndipo penye kazi. Uvimbe ukizidi wa maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi, unahesabiwa. Paka, nyasi, mayai: hakuna kitu. Mende alivimbisha kidogo. Utitiri wa vumbi ulivimbisha milimita 7.

Utitiri mimi naujua wa kuku. Huu wa vumbi hauonekani kwa macho, haumng’ati mtu, unakula magamba ya ngozi yetu yanayodondokea kitandani. Haunywi maji, unafyonza unyevu wa hewani. Hapo nikaielewa Singida yenye hewa kavu, na nikaielewa Dar yenye unyevu. Likizo nalala zaidi, na nalalia mto wa sufi niliopewa na bibi mwaka nilioolewa. Kuutoa ule mto kuliniuma.

Matibabu yenyewe: dawa ya kupuliza puani yenye steroidi, ya kutuliza uvimbe, kila siku, hata siku ambayo sijisikii vibaya. Neno steroidi liliniogopesha, nikauliza mara mbili. Dokta alinieleza kwa subira kwamba kipimo chake ni kidogo na kazi yake inabaki zaidi puani. Alinifundisha pia kupuliza: mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, ncha ielekee nje, mbali na ukuta wa katikati, wala usivute pumzi kwa nguvu. Setirizini, kidonge kingine cha mzio, ni ya siku mbaya tu. Matone ya kuzibua marufuku, kwani ukiyazoea yenyewe ndiyo yanayoziba. Kuyaacha kulinigharimu usiku tano wa kulala nimekaa.

Godoro nimelivalisha mfuniko wa zipu, na mashuka nayafua kila wiki kwa maji ya moto ya nyuzi 60. Nafuu ilianza wiki ya pili. Sasa ni mwezi wa nne, naamka na chafya moja au mbili, na sisinzii darasani.

Bima ililipa kumwona daktari, kipimo nikalipa mwenyewe, na si rahisi kwa mshahara wangu. Kuna pia tiba ya matone ya chini ya ulimi kuuzoesha mwili utitiri, lakini ni ya miaka isiyopungua mitatu, tumekubaliana tusubiri.

Mwanangu wa pili ameanza kufikicha macho asubuhi. Nimemwekea miadi likizo ya Juni, na safari hii nimepiga simu mwenyewe kuuliza dawa ipi aache na siku ngapi kabla. Pampu yake ya pumu wameniambia haiachwi.