Blink na familia ya kuokoteza: ununue lipi, uache lipi

Ukimkuta Clarice Ferguson, yule Blink wa katuni za X-Men za kampuni ya Marvel, kwenye jalada, ngozi ya waridi inayokaribia zambarau, alama usoni na macho ya kijani, usitoe hela haraka. Wapo Blink wawili, na ukibeba kitabu cha yule mwingine utasoma kifo tu.

Wa kwanza yumo kwenye Uncanny X-Men toleo la 317, la mwaka 1994, lililoandikwa na Scott Lobdell na kuchorwa na Joe Madureira. Ni binti wa Bahamas aliyetekwa na viumbe waitwao Phalanx pamoja na vijana wenzake. Anauogopa uwezo wake wa kuhamisha vitu papo hapo, maana hana hakika kwamba anachokihamisha kitafika kizima. Katika kisa hichohicho analazimika kuutumia dhidi ya mlinzi wa kifungo chao, Harvest, na unamkata mlinzi na yeye mwenyewe kwa pamoja. Imeisha. Michoro inapendeza, lakini anayetafuta habari ya mtoto aliyepata watu wa kumlea hapati kitu hapo.

Wa pili alikuja 1995. Marvel walisimamisha majarida yao ya X-Men kwa miezi minne, wakayapa majina mapya na kusimulia dunia ambamo Profesa Xavier, mwanzilishi wa X-Men, aliuawa kabla hajafungua shule yake, na adui yao Apocalypse ndiye mtawala. Katika dunia hiyo Blink yu hai, na aliyemlea ni Sabretooth. Waliomzoea Sabretooth wa kawaida wanajua huyo ni muuaji wa kutisha; hapa ndiye baba. Huyu ndiye Blink wa kununua.

Anza na Astonishing X-Men ya 1995, matoleo manne tu, Lobdell na Madureira tena. Nyumba yao, kama ni ya kuitwa nyumba, ina watu watatu: Sabretooth, Blink, na Wild Child ambaye hasemi na anafungwa mnyororo. Ubora wa matoleo haya ni kwamba hakuna anayekaa kitako kutangaza upendo. Sabretooth anakaripia, anaamrisha, na anasimama mbele pale hatari inapokuja. Anakwenda kupambana na Holocaust, mpiganaji wa Apocalypse, akijua hamuwezi, anapigwa vibaya, na Blink, akiamini mlezi wake amekufa, anamfuata Holocaust kulipa kisasi. Wahenga walishasema kuzaa si kazi, kazi kulea, na msomaji wa Temeke au Mbagala, aliyekulia nyumba ambamo anayelala naye chumba kimoja si lazima awe wa tumbo moja, hatahitaji kuelezwa undugu huo umetoka wapi.

Kuna mtego kwenye mkusanyo. Marvel walipokusanya kisa chote cha dunia ile katika vitabu vinne vinene, kitabu cha kwanza walikijaza hadithi za utangulizi, ikiwemo Blink ya 2001 yenye matoleo manne. Kwa mpangilio wa matukio ni sawa, hayo yalitangulia. Kwa msomaji mgeni ni hasara, kwa sababu hadithi hizo ziliandikwa kwa ajili ya watu waliokwisha kuwajua wahusika. Ukizisoma kwanza unakutana na majina matupu. Nunua kitabu chenye Astonishing kwanza. Cha utangulizi kinaweza kusubiri, na hata usipokipata hujapungukiwa na kikubwa.

Kinachofuata ndicho bora kuliko vyote: Exiles, iliyoanza 2001, mwandishi Judd Winick na mchoraji Mike McKone. Blink anachomolewa katika dunia yake na kujikuta jangwani na wageni watano: Mimic, Nocturne, Thunderbird, Morph na Magnus. Kila mmoja ametoka dunia tofauti na kila mmoja maisha yake yameharibika. Kiumbe aitwaye Timebroker anawaambia kwamba wakitaka kurudi makwao salama ni lazima watengeneze kasoro katika dunia nyingine, kazi moja baada ya nyingine. Blink anafungwa mkononi kifaa kiitwacho Tallus kinachotoa maagizo, na kwa sababu hiyo tu anakuwa kiongozi. Binti mdogo, dada mkubwa kwa lazima.

Winick alifikiri vizuri hapa. Msichana ambaye kazi yake ni kuhamisha vitu papo hapo sasa naye anahamishwa, bila kuulizwa. Kazi ikikamilika wanatoweka, hata kama mtu yuko katikati ya kuaga. Hawana mtaa, hawana jirani wala sanduku la nguo. Kilichobaki ni wale watu sita, na hao nao hawadumu. Magnus, kijana ambaye akikugusa unageuka chuma na hivyo hajawahi kumshika mtu, anakufa toleo la pili, kabla msomaji hajamzoea. Sunfire anachukua nafasi yake. Katika toleo la 10 Thunderbird anapambana na Galactus, mla sayari, anazimia asiamke, na wenzake wanaondolewa kabla ya kujua hatima yake. Nafasi ya mtu hujazwa siku ileile na mgeni, na ugumu wa familia hii uko hapo: unatakiwa kumkaribisha aliyekalia kiti cha marehemu.

Matoleo ya 12 na 13 ndiyo ya kusoma mara mbili. (Asiyetaka kujua mapema aruke aya hii.) Blink anakutana na kikosi kingine, Weapon X, na kiongozi wake ni yuleyule Sabretooth aliyemlea. Agizo lililotolewa ni kumuua mtoto, David Richards, kwa madai kwamba akikua atakuwa mwuaji wa watu wengi. Mwisho wake Sabretooth anaamua kubaki katika dunia hiyo amlee mvulana yule, ili akue vingine. Blink anampata baba yake na kumwachia mtoto mwingine ndani ya matoleo mawili, na mwandishi hamfanyi alalamike. Mzazi anayemnunulia mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza asome yeye kwanza matoleo haya: damu si nyingi kuliko filamu za kawaida, ila suala la kuua mtoto ni zito na litaleta maswali mezani.

Sasa uwezo wenyewe, maana wengi wanausoma vibaya. Blink hurusha mikuki midogo ya fuwele, na kinachopigwa nayo kinatoweka na kutokea kwingine. Katika katuni, tendo hilo halichorwi. Linatokea kwenye ule weupe kati ya fremu na fremu, yaani kati ya visanduku vya picha. Adui yupo, mkuki unampata, weupe, adui yuko juu ya bahari. Mchoraji anategemea jicho lako lione fremu zote mbili kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo simu ya inchi 6 ndani ya mwendokasi ya Kimara kwenda Kivukoni ndiyo njia mbaya kuliko zote. Programu nyingi za kusomea zinakuza fremu moja moja na kukupeleka ya pili kwa kugusa. Kwa maongezi inafaa. Kwa mapigano ya Blink inaua kila kitu, unaona mtu katoweka halafu unaona mtu mwingine kasimama mahali usipopajua. Zima mpangilio huo wa kukuza, laza simu, soma nusu ukurasa kwa nusu ukurasa. Tableti ya inchi 10 inaonyesha ukurasa mzima kwa ukubwa unaokaribia karatasi, ambayo ni takribani sentimita 17 kwa 26. Kurasa pacha, zile ambazo mchoro mmoja umechukua kushoto na kulia, zinataka uilaze hata tableti. Vinginevyo nusu ya mapambano inakuwa haieleweki.

Kwa karatasi, tafuta mkusanyo mkubwa wenye matoleo 1 hadi 19 ya Exiles kwa pamoja, zaidi ya kurasa 400. Huo unatosha kabisa. Vijitabu vidogo vya matoleo manne manne au sita sita vinakwisha haraka, na ukiagiza nje unalipia usafirishaji kila safari. Uliza gharama zote, na za forodha zikiwemo, kabla ya kulipia chochote.

Baada ya toleo la 20 hivi Blink anatolewa kikosini kwa muda na Magik anaingia. Naye ni msichana wa kuhamisha, ila roho yake ngumu kama jiwe. Ukimlinganisha na Blink unaona kwamba uwezo uleule mikononi mwa asiyelelewa na mtu ni kitu kingine kabisa. Hiyo peke yake inatosha kuendelea hadi Blink anaporudi. Winick akishaondoka, waandishi waliofuata wanaongeza watu kuliko wanavyowalea, na jarida linafika toleo la 100 likiwa limejaa kama daladala ya Gongo la Mboto saa moja jioni. Usinunue mwisho huo kwa bei ya mwanzo.

Vitabu hivi vya kigeni hupatikana kwa bahati kwa wauza vitabu vya mitumba katikati ya jiji, upande wa Posta na Samora. Kagua mambo matatu. Fungua katikati kabisa na uusikilize mgongo: ukilia kavu, gundi imekauka na kurasa zitaanza kudondoka wiki hiyohiyo. Kurasa zinazong'aa zipekue moja moja kwa kidole, kwa sababu unyevu wa pwani unazigandisha, na ukivuta kwa nguvu rangi inahamia ukurasa wa pili, uso wa Blink ukabaki mweupe. Halafu angalia pembe za mgongo, mende hupenda gundi na huanzia hapo.

Nyumbani kisimame wima, kisibanwe sana, mbali na ukuta wa nje unaoloa masika. Vile vifuko vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vinasaidia ukiviweka ndani ya boksi lililofungwa. Kwenye rafu ya wazi havifanyi kitu. Usikianike juani kikiloa, jalada litajikunja na halirudi. Weka karatasi nyeupe kati ya kurasa, mbele ya feni, na ubadilishe karatasi zikilowa.

Muuzaji akikuambia kitabu cha Exiles kimekamilika, hesabu matoleo kwa majalada ya ndani, maana namba za kurasa mara nyingi hazikuchapwa. Likikosekana la 5 au la 6, yale ya Kanada, chukua tu na uombe punguzo dogo. Yakikosekana ya 12 na 13, toa nusu ya bei au mwachie.