Mvinyo Mwekundu wa Bandol: Ukakasi Unaotafuta Nyama

Anayefungua chupa ya mvinyo mwekundu wa Bandol, eneo la pwani ya kusini mwa Ufaransa, na kuunywa papo hapo anaweza kudhani kwamba umeharibika. Ulimi unakauka, fizi zinabana, na kinywani unabaki ukakasi kama wa ndizi mbichi. Nimeonja chupa mbili za mzalishaji mmoja, moja ya miaka minne tangu mavuno na nyingine ya miaka 12, pamoja na vyakula vya Provence, mkoa ilipo Bandol, na nimeridhika kwamba ukakasi huo ndio uti wa mgongo wa mvinyo huu.

Ukakasi huo unatokana na zabibu aina ya mourvèdre, yenye ganda nene na inayochelewa sana kuiva. Kanuni za Bandol, eneo lililopewa hadhi ya jina linalolindwa mwaka 1941, zinataka angalau nusu ya mvinyo mwekundu itokane na zabibu hiyo, huku zabibu za grenache na cinsault zikijaza sehemu kubwa ya kilichobaki. Wakulima wa huko husema kwamba mourvèdre hupenda uso wake uwe juani na miguu yake iwe majini, na mandhari yenyewe yanathibitisha usemi huo: mizabibu imepandwa kwenye matuta ya mawe yaitwayo restanques, yakitazama Bahari ya Mediterania upande wa magharibi wa Toulon, nao upepo wa Mistral hukausha unyevu ambao ungeozesha vichala. Zabibu huchumwa kwa mikono, na mvinyo hukaa ndani ya mapipa ya mbao kwa muda usiopungua miezi 18. Tusisahau pia kwamba zabibu hii ilikaribia kutoweka huko baada ya wadudu wa filoksera kuangamiza mizabibu katika karne ya 19, na kwamba watu kama Lucien Peyraud wa shamba la mizabibu la Domaine Tempier walipigania irudishwe. Kwangu mimi hilo ni deni ambalo kila mnywaji wa Bandol anadaiwa.

Chupa changa niliimimina ndani ya jagi na kuiacha saa mbili. Mwanzoni haikuwa na harufu ya maana, lakini baadaye ilitoa forosadi zilizoiva, pilipili manga, zaatari kavu na kitu kinachokaribia harufu ya nyama mbichi. Ile kongwe ilikuwa na rangi ya tofali ukingoni mwa glasi, na harufu ya ngozi, tumbaku na majani yaliyolowa mvua. Ukakasi wake ulikuwa umelainika bila kupotea. Chupa ya umri huo huwa na mashapo, kwa hiyo isimamishwe siku nzima kabla ya kumiminwa taratibu. Joto la nyuzi 16 hadi 18 linatosha, kwani mvinyo ukipozwa zaidi ya hapo tanini, yaani viambato vya ganda la zabibu vinavyoleta ukakasi, huwa kali kupita kiasi.

Mezani, daube ndiyo iliyonishinda maneno. Ni nyama ya ng'ombe iliyolazwa katika mvinyo pamoja na vitunguu na ganda la chungwa, kisha ikapikwa kwa moto mdogo kwa saa nyingi. Tanini hushikana na protini, kwa hiyo zikikutana na nyama haziendi zote kushambulia mate, na mvinyo uliokuwa umekunja uso unafunguka ghafla na kuonyesha utamu wa matunda yake. Chupa changa ilifaa zaidi hapa. Ile kongwe niliipenda kwa paja la mwanakondoo lililookwa kwa vitunguu saumu na rozimari, kwa kuwa harufu zake tulivu zingefunikwa na mchuzi mzito wa daube.

Ratatouille, mchanganyiko wa mboga zilizopikwa pamoja, ilipita bila madhara wala sifa. Jibini laini ya mbuzi ilinisikitisha, maana ukali wake uliufanya mvinyo uonekane mchungu, na samaki wenye mafuta mengi siwashauri kabisa, kwa sababu madini ya chuma yaliyomo katika mvinyo mwekundu huacha ladha ya shombo yakikutana na mafuta hayo. Kwa supu ya samaki, Bandol ya rangi ya waridi inafaa zaidi.

Anayetaka kunywa leo atafute chupa iliyozidi miaka kumi. Aliyepata changa, na hana nyama ya kuipikia, ailaze mahali penye giza na ubaridi: robo niliyoibakiza kwenye jokofu ikiwa imezibwa ilikuwa tamu zaidi kesho yake kuliko usiku nilioifungua.