Spika kwanza, kadi baadaye: kununua vyombo vya sauti kwa kompyuta ya sebuleni

Mtu akiniuliza anunue kadi gani ya sauti (kifaa kinachogeuza data za kompyuta kuwa sauti) kwa kompyuta aliyoiweka sebuleni, humuuliza kwanza: unasikilizia spika gani? Mara nyingi ni vile vispika viwili vya plastiki vilivyotoka mezani, au spika za ndani ya runinga zinazotazama ukutani. Hapo kadi inasingiziwa. Kadi mbaya na kadi nzuri zinaachana kidogo tu. Spika mbaya na spika nzuri zinaachana kama mbingu na ardhi. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na spika, unakaa sana hapo, na kadi inakuja mwishoni. Huenda ukagundua huihitaji kabisa.

Cha kufikiria kabla ya chapa wala bei ni umbali. Mezani unakaa sentimita 60 kutoka kwenye spika. Kwenye kochi unakaa mita 3. Hiyo ni mara tano zaidi, na mahali pa wazi sauti hupungua desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila umbali ukiongezeka maradufu. Piga hesabu: umepoteza desibeli 14 hivi, na kuzirudisha kunataka nguvu mara 25. Kuta za chumba hurudisha kiasi fulani, lakini hazifuti deni lote. Vispika vilivyokuwa vinatikisa kikombe mezani vinageuka mnong'ono, na ukivilazimisha vinaanza kupasua sauti.

Usikimbilie wati, hata hivyo. Spika ya kawaida ya shelfu hutoa desibeli 85 hivi ukiipa wati 1 na kuisikiliza kwa mita 1. Ukisogea hadi mita 3 bado unabaki na desibeli zaidi ya 75, na mazungumzo ya kawaida ya watu ni kama 60. Yaani kwa wati moja tu mtu wa chumba cha pili ameshaanza kulalamika. Ukitoka wati 20 kwenda 40 unaongeza desibeli 3, tofauti ambayo sikio linaigundua kwa shida. Ili isikike kama imekuwa kubwa maradufu, inabidi nguvu izidi mara kumi. Wati 20 mpaka 50 za kweli kwa kila spika zinatosha sebule nyingi.

Nimesema za kweli. Boksi likiandikwa wati 3000 PMPO, ligeuze. Nyuma ya spika kuna kibandiko kidogo kinachosema chombo kinakula wati ngapi za umeme. Ukikuta 60, basi hakuna muujiza utakaotoa 3000 humo. PMPO ni namba isiyo na kipimo kinachokubalika popote. Kila mtengenezaji hujipigia hesabu yake. Tafuta RMS, yaani nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa mfululizo. Na kama RMS haikuandikwa mahali popote, debe tupu haliachi kuvuma.

Nafasi ya kwanza: jozi ya spika za shelfu zenye amplifaya ndani

Hizi ndizo ninazompendekezea kila mtu asiye na sababu maalumu ya kuchagua nyingine. Spika mbili, kila moja ina twita yake (kispika cha sauti nyembamba) na wufa (ya sauti nzito) ya inchi 4 hadi 6, amplifaya, yaani kikuza sauti, imefichwa ndani ya mojawapo au zote. Unachomeka umeme, unachomeka waya wa kompyuta, kazi imekwisha. Wufa ya inchi 5 inashuka vizuri mpaka Hz 60 (mitetemo 60 kwa sekunde) hivi, kiasi kwamba besi ya muziki mwingi unaisikia bila sabufa, yaani spika ya besi pekee.

Angalia vitu vitatu. Kwanza, matundu ya nyuma: taka yenye tundu la macho, yaani lile la waya wa mwanga, au USB, au HDMI ARC (tundu la HDMI linalopokea sauti kutoka kwenye runinga). Ikiwa na mojawapo, spika ina kadi yake ya sauti ndani, na nusu ya maswali ya makala hii yamejibika. Pili, rimoti. Hili watu hulisahau mpaka wafike nyumbani. Mezani kitufe cha sauti kiko karibu na mkono. Sebuleni kila tangazo likipiga kelele unainuka kwenye kochi, na wiki ya pili umeshachoka. Tatu, uliza kama zinajizima zenyewe zisiposikia sauti na kama unaweza kuzima tabia hiyo. Kuna jozi zinazodhani filamu imekwisha kila ukitazama kwa sauti ya chini usiku, zikalala katikati ya maongezi, kisha zikaamka zimekula neno zima.

Dukani usikubali kuonyeshwa kwa wimbo wa muuzaji. Wimbo huo umechaguliwa kwa sababu unaipendeza spika ile. Beba wako kwenye simu, ule unaoujua mpaka pumzi za mwimbaji. Simama mita 3. Sikiliza sauti ya mtu anayeongea kabla ya besi, kwa kuwa sebuleni utasikiliza watu wakiongea kuliko kitu kingine chochote: je, anasikika kama yuko chumbani, au kama anaongea ndani ya ndoo? Halafu zima wimbo, pandisha sauti hadi mwisho, weka sikio karibu na twita. Kuvuma kidogo ni kawaida. Ukikusikia ukiwa mita 1, iache. Mwisho gonga ubavu wa boksi kwa kifundo cha kidole; likilia kama kopo, litaongezea mlio wake kwenye kila wimbo.

Nafasi ya pili: spika zisizo na amplifaya, pamoja na amplifaya yake

Kwa ubora wa sauti hii ingeweza kuwa ya kwanza. Nimeishusha kwa sababu inaongeza boksi moja, waya zaidi na maamuzi zaidi. Lakini ina faida mbili kubwa. Amplifaya ikifa, spika zinabaki. Na spika nzuri ikitunzwa hudumu miongo. Tena ndiyo njia pekee ambapo ninashauri mitumba bila woga mwingi: amplifaya ya stirio (chaneli mbili, kushoto na kulia) ya zamani na jozi ya spika za mbao mara nyingi hushinda seti mpya ya bei ileile. Ukinunua zilizotumika, vua kitambaa cha mbele. Ule ukingo laini unaozunguka wufa, ukiwa wa sponji, huoza na kumomonyoka ukiguswa. Kuuziwa mbuzi kwenye gunia hapa ni rahisi sana, maana spika iliyooza ukingo bado inaimba kwa sauti ya chini.

Linganisha omu, kipimo cha ukinzani wa umeme: kama amplifaya imeandikwa 8, usiifunge spika za 4. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 unatosha umbali wa sebule. Waya unaouzwa kwa hadithi ndefu uache hapohapo. Ila hakikisha ni shaba kweli, kwani kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu. Kwaruza ncha kwa kisu, ukiona weupe ndani umeshajua.

Nafasi ya tatu: spika ndefu ya chini ya runinga

Upau mmoja, waya mmoja wa HDMI, rimoti moja. Kwa sebule ambayo watu wengine wa nyumbani hawataki kuona maboksi, hii inaleta amani. Maneno ya filamu husikika vizuri, hasa kwenye zile zenye spika ya katikati. Muziki ndio unaonyauka: kushoto na kulia vimekaa karibu mno, bendi nzima inaonekana imesimama mlangoni. Kwa muziki ningechukua jozi ya nafasi ya kwanza hata kama ni ndogo.

Nafasi ya nne: sabufa na vispika viwili

Hii ndiyo inayonunuliwa kuliko zote, na ndiyo ninayobishana nayo zaidi. Tatizo halipo kwenye sabufa yenyewe, lipo kwenye vile vispika viwili. Wufa yake ya inchi 2 au 3 haiwezi kushuka, kwa hiyo sabufa inalazimika kupanda na kubeba mpaka sehemu ya sauti ya mwanamume. Sikio halitambui besi inatoka wapi ikiwa chini ya Hz 80 hivi, ila juu ya hapo linatambua. Matokeo yake msomaji wa habari yuko kwenye skrini lakini kifua chake kiko chini ya meza kwenye kona. Ukipata seti yenye vispika vya wufa ya inchi 4, hapo nitakaa kimya.

Seti za spika tano na sabufa kwenye boksi moja nazipitia haraka: pesa ileile imegawanywa kwa spika sita badala ya mbili, kwa hiyo zote sita ni nyepesi. Halafu spika za nyuma zinatakiwa zikae pembeni na nyuma kidogo ya msikilizaji, na kwenye sebule nyingi kochi limeegemea ukuta. Huishia zote zimepangwa mbele kama wanafunzi.

Spika za Bluetooth zinashika mkia. Kwa muziki sawa, kwa filamu hapana. Njia ya kawaida ya Bluetooth huchelewesha sauti kwa sehemu ya kumi au mbili za sekunde, midomo inafungwa ndipo neno linafika. Kama unayo tayari, VLC, programu ya kuchezea video, kwenye Windows na Linux hukuruhusu kuwahisha sauti kwa kitufe cha J, milisekunde 50 kila ukibonyeza. Michezo ya kompyuta haina dawa hiyo.

Sasa kadi

Ushauri wa kununua kadi umebaki tangu zamani. Kadi ya Sound Blaster ilipotoka mwaka 1989, kompyuta nyingi bila kadi zilijua kulia bip tu. Mwaka 1997 Intel ikatoa kiwango cha sauti cha AC'97, mwaka 2004 HD Audio, na tangu hapo sauti imo ndani ya mazabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta. CD ina nafasi ya desibeli 96 kati ya kimya na kelele yake kubwa zaidi. Mazabodi nyingi za leo zinatangaza zaidi ya 100. Kwa hesabu hiyo hakuna cha kununua.

Isipokuwa pale unapoisikia kasoro. Mimi niliisikia: kila nikisogeza mausi, spika zilitoa kijilio kama cha panzi, na faili kubwa ikinakiliwa panzi wakawa wengi. Nilikuwa nimechomeka kwenye tundu la mbele la kompyuta. Waya wake wa ndani hupita juu ya mazabodi nzima na kuokota kila uchafu wa umeme njiani. Nikahamia tundu la kijani la nyuma, panzi wakapungua. Nikahamia waya wa mwanga, wakaisha kabisa, kwa sababu mwanga haubebi umeme wa kompyuta kwenda kwenye spika. Sikununua kadi.

Fuata mpangilio huohuo. Kama kompyuta imeunganishwa na runinga kwa HDMI, sauti inapita humo tayari. Itoe kwenye runinga kwa ARC au waya wa mwanga. Ujue tu kwamba runinga nyingi zikipokea sauti ya chaneli 5.1 (spika tano na sabufa) kutoka kompyuta huitoa kwa waya wa mwanga ikiwa stirio. Mwenye amplifaya ya chaneli nyingi aipitishe HDMI kwanza kwenye amplifaya ndipo iende kwenye runinga. Kama huna HDMI wala tundu la macho, nunua kadi ndogo ya nje ya USB. Chagua inayofanya kazi bila kupakia draiva (programu ya kukiendesha kifaa), maana utaihamisha kwenye kompyuta nyingine siku moja. Yenye tundu la macho ni bora zaidi.

Kadi ya ndani ya kuchomeka kwenye mazabodi ndiyo ya mwisho kwangu. Inakaa ndani ya boksi lilelile lenye kelele za umeme, jirani na kadi ya picha, na ukibadilisha kompyuta kwa laptopu inakuwa pambo.

Ukiwa na laptopu na mvumo mzito usiokatika, chomoa chaja. Mvumo ukikoma, tatizo ni umeme kuzunguka kwa njia mbili za ardhi (ethi), na kadi ghali haitakusaidia. Waya wa mwanga unasaidia, au kile kifaa kidogo cha kutenganisha kinachowekwa kwenye waya wa sauti.

Ukishafika nyumbani

Twita ziwe usawa wa masikio ya aliyekaa. Spika mbili na kochi zitengeneze pembetatu yenye pande karibu sawa. Usizitie ndani ya kabati. Kwenye kona besi huvimba, na yenye tundu la hewa nyuma inahitaji nafasi kutoka ukutani.

Sabufa ina ujanja wake wa kuchekesha. Iweke kwenye kochi, pale unapokaa wewe, piga wimbo wenye gitaa la besi, kisha tambaa sakafuni pembezoni mwa chumba. Kuna mahali noti zote zinasikika sawasawa bila moja kuvimba kuliko wenzake. Iweke hapo. Watoto watafurahi kukuona.

Na kama filamu ina milipuko mikubwa lakini maneno hayasikiki, fungua mipangilio ya sauti ya kompyuta kabla ya kurudisha spika dukani. Maneno ya filamu hukaa kwenye chaneli ya katikati. Kompyuta ikidhani una spika sita, inayatuma kwenye spika ya katikati ambayo haipo. Badilisha iwe stirio, rudisha filamu nyuma kidogo, usikilize tena.