Sikinde: ukumbini au kwenye kanda za redio?
Mlimani Park, au Sikinde, bendi ya dansi iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1978, ina ladha mbili. Kwa gharama, kanda ya Radio Tanzania inashinda: ukishaipata, waimbaji wake Gurumo na Bitchuka wanakuimbia hata usiku wa manane, kila neno likisikika. Kwenye ukumbi wa DDC Kariakoo kulikuwa na kiingilio na nauli, na sauti ilitegemea umesimama wapi.

Lakini chemko, ile sehemu ya mwisho ya wimbo inayochangamka kwa kucheza! Kwenye kanda hukatika mapema mno. Ukumbini magitaa yalijibizana, tarumbeta zikapanda, na wanamuziki hawakuachia mpaka wachezaji walowe jasho. Hilo nimelikosa sana.

Anayefuatilia mashairi atulie na kanda. Mwenye miguu inayowasha, na mwenza wa kucheza naye, atafute bendi inayopiga jukwaani.